Inkyubeta mmezindua, mama mmemweka wapi?

Mhariri salaam, na pole na majukumu.

Wiki iliyopita mlitoa picha ukurasa wa mbele, mgeni rasmi anakata utepe, nyuma yake inkyubeta, zile mashine za joto za watoto njiti waliozaliwa kabla ya wakati, zimepangwa zinang'aa bado zina nailoni. Nikasema haya, tumepata tunashukuru, ila nikawa naikodolea macho ile picha natafuta kitu kimoja sikioni. Kiti. Hata stuli basi. Mule ndani hamna pa kukaa mama wa mtoto, na hicho ndo kilichonifanya nishike simu niandike, maana hiyo habari nimeikalia siku 19 kwenye benchi la koridoni.

Wifi yangu alijifungua kwa opareshen mimba ikiwa na wiki 31, presha ilimpanda, mtoto akatoka na kilo 1.4. Hospitali sitaitaja, manesi wake walikuwa wanakimbia na watoto chungu nzima wao wawili tu na mie siwezi kuwalaumu. Mtoto akapelekwa wodi ya njiti, mama wodi ya wazazi ghorofa nyingine, na utaratibu ukawa kila baada ya masaa matatu ashuke ngazi na mshono wake mbichi, akamue maziwa kwenye kikombe, akabidhi, amchungulie mwanae dakika mbili tatu, atoke. Akizubaa anaambiwa mama toka unatuingizia wadudu. Sisi ndugu ndo kabisaa, mwisho koridoni. Siku ya tisa ndo wakasema mtoto ametulia sasa anaweza kangaruu, yaani kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kufungwa kitenge, na penyewe ilikuwa lisaa limoja asubuhi lisaa limoja jioni, kama vile anapewa zawadi ya kutosumbua.

Sasa mie nauza vitenge Mbagala, udaktari siujui, ila nesi mmoja wa zamu ya usiku aliniona nimejikunyata pale benchi akaniambia shangazi hii kitu imefanyiwa utafiti hapahapa Muhimbili, uliza. Nikauliza, nikatafuta, nikasoma kwa msaada wa mwanangu, na tangu siku hiyo sijatulia.

Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti kwenye hospitali tano kubwa, Kumasi kule Ghana, New Delhi India, Blantyre Malawi, Ile-Ife Nigeria na Muhimbili yetu, kuanzia mwisho wa 2017 mpaka mwanzo wa 2020. Walichukua watoto wa kuanzia kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8 wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wanaanza kifuani palepale baada ya kuzaliwa hata kama bado hawajatulia, wengine wanatunzwa kwanza kwa mashine ya joto kama ilivyozoeleka wakitulia ndo waanze kangaruu. Wale ambao hawakuweza kupumua wenyewe ndani ya lisaa la kwanza hawakuingizwa, hilo niliseme nisije nikaambiwa nimeficha. Dawa, oksijeni, mrija wa kulishia, kote kote walipata.

Na kilichotokea, watoto walioanza palepale walifariki asilimia 12 ndani ya siku 28, na wale wa utaratibu wa zamani asilimia 15.7. Ukiona tofauti ndogo piga hesabu yake kibiashara kama mie, kwenye kila watoto 27 anabaki hai mmoja ambaye angeondoka. Walipanga kuchukua watoto 4,200, walipofika 3,211 kamati huru iliyokuwa inakagua takwimu ikasema simamisheni, maana ushahidi umeshaonekana na si haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Majibu yakatoka Mei 2021, na Novemba 2022 Shirika la Afya likabadili mwongozo wake, mtoto njiti aanze kifuani mapema iwezekanavyo, masaa 8 mpaka 24 kwa siku.

Lakini mhariri kitu ambacho watu wanakiruka kwenye huo utafiti ni hiki hapa. Kundi la kwanza watoto walikaa kifuani karibu masaa 17 kwa siku wakiwa bado wodi ya uangalizi maalum, kundi la pili lisaa limoja na nusu. Masaa 17! Huwezi kupata masaa 17 kwa mama wa kuja kuchungulia. Ili wafanye vile ilibidi kwanza wabadilishe wodi zenyewe, wakaweka vitanda na viti vya kulalia vya akina mama mulemule ndani karibu na mashine, daktari wa uzazi akawa anamfuata mzazi pale alipo kumwangalia kidonda, na mama akitaka kwenda kuoga au kula kuna ndugu aliyemchagua anapokea mtoto kifuani. Ndugu! Yaani mie pale benchi nilikuwa na kifua changu kizima na joto lake, nipo bure kabisa siku 19, naambiwa naleta wadudu.

Na hao wadudu sasa. Kwenye utafiti watoto waliokaa na mama zao ndani ndo waliopata dalili za maambukizi kwenye damu kwa uchache, na kupoa mwili pia walipoa wachache. Nesi wangu yule alinieleza vizuri, mtoto njiti hana mafuta ya kumtunzia joto, akipoa anatumia nguvu zote kujipasha anakosa za kupumulia, kifua cha mama kinampasha. Alafu wadudu wa kwenye ngozi ya mama ni wa nyumbani, maziwa yake yanawajua, wakali ni wale wa hospitali wanaotembea na mikono kutoka mtoto hadi mtoto. Na njiti husahau kupumua, jamani, mashine ikilia nesi yupo kwa mtoto wa kumi na moja kule, mama akimsikia kifuani kanyamaza anamsugua mgongo palepale.

Wala hii kitu haikuanzia kwa wenye nafasi. Ilianzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, Dk. Edgar Rey aliona wodi imefurika watoto wanachanganywa kwenye inkyubeta moja wanaambukizana, akawapa mama zao wawabebe. Watoto wa huko waliofuatiliwa baadae miaka 20 mbele, wale wa kifuani walikuwa na utukutu na hasira pungufu kuliko wenzao, na utoro wa shule pia pungufu. Wenyewe washakuwa watu wazima.

Kwa kuwa nataka kusema kweli yote, Uganda nao walifanya utafiti wao kwenye hospitali tano za serikali kwa watoto ambao hali bado haijatulia, hawakuona tofauti kwenye vifo vya siku 7 za mwanzo. Kuna atakayenirushia hiyo. Ila masaa ya kifuani kule hayakukaribia 17, na mie kwangu inarudi palepale, kama mama hana pa kulala masaa yatatoka wapi?

Sasa mtu atasema wodi ni finyu. Ni kweli finyu, nimeiona kupitia mlangoni. Lakini inkyubeta inakula nafasi, inataka umeme na fundi na vipuri, na umeme wetu mnaujua, kiti cha kulalia kinataka mto tu. Sisemi mashine zitupwe, kuna watoto bila oksijeni na mashine hawafiki hata kifuani. Nasema mkipanga bajeti ya wodi ya njiti mpangeni na mama kama mnavyopanga soketi.

Na serikali imeshafanya jambo moja zuri, sheria za kazi zimerekebishwa 2025 mama wa njiti kaongezewa likizo, asanteni. Ila wifi yangu anakaanga mihogo, likizo yake anaijua yeye na karai lake. Akikaa wodini mwezi mzima nani analipia chakula chake? Hapo sijasikia mtu akipaongelea.

Mtoto wetu yupo, anatambaa, anakula udongo. Yule mama aliyekuwa anakaa na wifi pale benchi, wakipeana zamu ya kushikiana beseni, yeye alirudi kwao siku ya sita na khanga zake zimekunjwa. Sisemi kifua kingemwokoa mwanae, hilo hakuna wa kulijua, nasema hakumshika hata mara moja akiwa hai.

Kwahiyo mpiga picha wenu akienda tena kwenye uzinduzi naomba akimaliza kumpiga mgeni rasmi na utepe wake amuulize msimamizi wa wodi mama analala wapi, apige na hapo.

Shangazi mtu,
Mbagala, Dar es Salaam

Nb: kaka yangu anasema niongeze kwamba baba naye kifua anacho na hakuna aliyemuuliza.