Nani kasema "alonilea" ni kosa?

Mhariri,

Miaka yote hii nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari. Lakini ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu insha za watahiniwa, ile iliyozitia lahaja za pwani kapu moja na Sheng, imenikwama kooni.

Mwana wa dada yangu anasoma shule ya msingi. Mwaka jana aliandika insha juu ya bibi yake, yaani mamangu, siku chache baada ya kumzika. Alianza hivi: "Bibi alonilea keshakufa." Mwalimu akazungushia "alonilea" wino mwekundu, akazungushia na "keshakufa", kisha pembeni akaandika: "Lugha ya mtaani." Mtoto akaniletea daftari, akaniuliza, "Khaloo, kwani bibi alikuwa hajui kusema?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninalo. "Keshakufa" ni "amekwisha kufa" lililokazwa na ulimi, basi. Kiswahili sanifu chenyewe kimelikaza neno hilo hilo kikapata "ameshakufa", na sijaona mwalimu akilikata. "Kafika" na "kaondoka" utayasikia Unguja kwenyewe, kwa wenye lahaja iliyofanywa msingi wa sanifu. Na shauri hilo, Mhariri, lilikatwa hapa hapa Mombasa, kikaoni, mwaka 1928. Watu walihitaji vitabu vya aina moja shuleni, wakachagua Kiunguja, nami siwalaumu. Lakini kuchagua lahaja moja ya kuandikia vitabu si kuzihukumu nyingine kuwa makosa! Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, alikuwa keshatunga kwa Kimvita, lahaja ya hapa, na keshakufa kabla hakijazaliwa hicho kikao. Linaloniuma zaidi ni hili: muhula uliofuata mwalimu yule yule aliwasomesha shairi lenye "alokuja", akawaambia hiyo ni inkisari, yaani kufupisha neno, uhuru wa mshairi. Mshairi ana uhuru, mjukuu anayemlilia bibi yake ana kosa? Washairi wa zamani hawakuomba uhuru wa mtu. Walisema walivyosema mama zao.

Na hao wanaotukosoa, wasikilizeni taarifa ya habari wanavyoiacha ipite. Mkutano "umechukua nafasi" ukumbini, wakati mkutano hufanyika. Kila kiongozi humalizia kwa "mwisho wa siku" ingawa ni saa mbili asubuhi. Hayo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, wala sijasikia ripoti yenu ikiyataja. Neno lililotoka kinywani mwa mamangu ndilo linaloitwa uchafu.

Naomba jambo moja dogo. Mwalimu akikutana na neno la lahaja, aweke kalamu nyekundu chini, achukue penseli. Aandike juu ya neno umbo la sanifu, na kando yake herufi L, ya lahaja, bila kukata alama. Mtoto atajua kwamba kwenye mtihani huandikwa "aliyenilea", na nyumbani husemwa "alonilea". Mwalimu asiyejua kama neno ni la lahaja au la mtaani, amuulize mzee yeyote wa Mvita, Lamu au Pemba.

Daftari lile ninalo bado. Mwalimu akitaka kuirudia insha kwa penseli, nitampelekea mwenyewe.

Msomaji wako,
Mombasa