Rashid, Jumapili ulale Emporia

Mwanangu Rashid,

Assalamu alaykum. Barua hii nimeitia katika mfuko wa ubavuni wa begi lako la diski, ule unaowekea taulo, maana najua ndio unaofungua kwanza. Ukiiona kabla ya kuondoka Alhamisi, vyema. Ukiikuta umeshafika Kansas, vyema pia. Nimeandika Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza mimi na wewe huishia kujibizana, na mamako anasema nikikusemesha Kiingereza nasikika kama ninavyowasemesha watoto wa basini: kaa chini, acha kelele, usifungue dirisha.

Ninalolitaka ni moja. Jumapili mashindano yako ya diski gofu yakiisha, huo mchezo wenu wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu cha minyororo, usitie gari moto usiku. Ushinde, ushindwe, uwe wa arobaini, ulale Emporia, uje Jumatatu na jua.

Ya mwaka jana sitayasimulia, wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Nitakueleza upande wangu tu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshavaa koti la kazi, nakwenda kulichukua basi la shule, nikasikia gari linaingia. Ulinipita mlangoni ukasema “salama”, ukaenda kulala. Nikatoka nje. Kioo cha pembeni, cha kulia, kilikuwa kinaning'inia kwa waya. Hukuniambia kilikutana na nini, nami sikuuliza. Lakini mimi nimeshika usukani miaka 31, nchi mbili, kushoto na kulia mwa barabara. Kioo cha kulia huku Marekani huvunjwa na kitu kilichosimama ukingoni, na kitu kilichosimama hakimfuati mtu. Siku ile niliwachelewesha watoto wa kituo cha kwanza dakika kumi, na nilipoulizwa nikasema ni theluji. Mwezi wa Mei.

Wewe ulidhani nilinyamaza kwa sababu sikujali kwamba umekosa ushindi kwa mtupo mmoja. Nilijua. Zuhura alikuwa anafuatilia hesabu kwenye simu yake tangu mchana, anatusomea kila shimo kama mtangazaji. Mamako aliacha chapati zikaungua mbili. Raundi tatu, mashimo 54, wewe mitupo 163, yule kijana 162, na mwenye michache ndiye mshindi.

Na tangu hapo yamekuwa yale yale. Kwenye uwanja wa Kaposia mwezi uliopita mkafungana, mkarushiana shimo kwa shimo, akakuzidi kwenye la tatu. Kabla ya hapo ile diski iliyolala vidole viwili nje ya mstari, ukaongezewa mtupo wa adhabu na ukakosa kwa huo huo. Mara tatu! Nakiri ningekuwa mimi ningezitupa diski zote mtoni. Lakini wewe hutupi kitu, hugombani na mtu, unampa mkono mshindi, unamsaidia mwenye mashindano kukunja kamba. Watu wananisifia adabu yako. Kisha unazima simu na unaingia garini. Hasira yako yote inakwenda kwenye mguu wa kulia. Hapo ndipo sikuelewi, na hapo ndipo nisipolala.

Ulinionyesha kwenye video ile diski ya mwisho ya Emporia ilivyopiga minyororo ikatokea upande wa pili. Umeitazama mara ngapi? Nakusikia huko chini usiku, ile sauti ya chuma, inasimama, inarudi tena. Yule Headrick wenu aliyebuni kikapu miaka ya 1970 aliitia minyororo ili ishike diski, hakuapa kwamba itashika kila kitu. (Na ile habari yake ya kuacha wasia majivu yake yachanganywe kwenye diski, ulinieleza ukicheka, mimi bado haijanikaa.) Sasa nikuulize. Katika mitupo 163, kwa nini umeuhukumu ule mmoja? Pale mzani wa Mariakani, lori likizidi uzito, karatasi inakwambia umezidi kilo kadhaa. Haikwambii ni gunia lipi. Tanboi ataapa ni la juu kabisa, lile lililopakiwa mwisho, kwa kuwa ndilo analoliona. Ijumaa ile, shimo la nne, Zuhura alitusomea “tano” mahali ambapo wenzako wote walipata tatu. Mbona hilo hulitazami usiku? Sisemi hivi kukutia uchungu. Basi, kidogo nasema hivyo.

Mamako anasema mimi sina haki ya kuzungumzia mtupo ule, kwa sababu ya simu. Ulipopiga jioni ile niliuliza kwa nini hukuweza kutia kikapuni kutoka mita tano. Nilikuwa nauliza tu. Mtu akiwa hajui mchezo huuliza. Mamako anasema mlio wa swali haukuwa wa kuuliza, na kwamba wewe ulikuwa umeshachukua chumba, ukakirudisha baada ya simu. Hilo la chumba sikulijua mpaka mwezi wa nane. Sijasema gari uliliwasha kwa sababu yangu. Nasema tu kwamba safari hii ukipiga, nitampa mamako simu kwanza.

Hapa katikati nimejifunza. Nilikwenda na mojawapo ya zile diski zako nyeupe hadi bustanini, siku ulipokuwa kazini, nikasimama mita tano nikihesabu kwa hatua. Katika kumi nilitia tatu, na upepo haukuwepo. Kansas upepo hauishi. Usimwambie Zuhura, maana nilimwambia ile diski imechafuka kwa sababu yake.

Wewe unapenda kunitajia McBeth, yule bingwa wenu wa diski. Nami nimeitazama ile ya 2021 kule Ogden, Utah, mashindano ya dunia: mpinzani wake Conrad yuko nyuma kwa mtupo mmoja, shimo la mwisho, diski iko zaidi ya mita 70 kutoka kikapuni, akairusha ikaingia. McBeth alikuwa ameshalishika taji kwa mkono mmoja, wakarushiana tena, akalikosa. Na mwaka uliofuata, hapo hapo Emporia unakokwenda, akatwaa la sita. Unalisema hili kama dawa: mtu hupoteza kwa tundu la sindano, kisha hurudi. Sawa. Lakini hiyo ya 2022 nayo waliamuana baada ya kufungana, na aliyezidiwa ni Aaron Gossage. Kila ukinitajia McBeth mimi namfikiria Gossage. Sijali aliikosa vipi. Nataka kujua jioni ile alilala wapi, na nani alimwendesha.

Kutoka Emporia hadi hapa Brooklyn Park, Minnesota, ni zaidi ya kilomita 850, barabara ile ile ya 35, Kansas City, Des Moines, mpaka mlangoni kwetu. Ni karibu kama Mombasa hadi Malaba. Sisi safari hiyo tulikuwa tunailala njiani, mara nyingine mara mbili, na hatukuwa tumeshinda siku tatu juani tukitembea na begi la diski mgongoni. Na barabara ya Mombasa angalau ilikuwa na mashimo ya kukuamsha. Hiyo ya 35 Iowa ni nyoofu kama rula, pembeni giza tupu la mashamba. Barabara nzuri inalaza, Rashid.

Ajali yangu ya lori pale Maungu unaijua, na mguu wa Katana, tanboi wangu, unaujua, umeshamwona akitembea. Nimekuwa nikisema ni matatu iliyonimulika na fulu. Matatu ilikuwepo, hilo kweli. Ambalo sikuwahi kulitia kwenye hadithi ni kwamba tulikuwa tulale Mtito Andei. Nilicheza drafti pale na dereva mmoja wa Kampala, tukaweka posho ya usiku. Nilikuwa nimemshika. Nikasogeza kete moja kwa pupa, akala tatu, akafika kingi. Watu walicheka, si kwa ubaya. Nikamwambia Katana apande, tunaondoka. Alisema, bosi, tulale. Nilimjibu maneno. Kutoka Mtito hadi Voi sikumbuki kilomita hata moja, nilikuwa naicheza ile drafti upya, kete kwa kete, na kila nikiicheza namshinda.

Basi hilo lilikuwa pembeni tu.

Kanuni yenu inampa mchezaji sekunde 30 za kurusha zamu yake ikifika. Ukishatia ya mwisho hakuna anayekuhesabia. Chukua masaa manane. Kula kitu cha moto. Washa simu, usinipigie mimi, andika neno moja tu, “nimelala”, hata kama huwezi kulala. Kama unataka kuitazama ile video mara mia, itazame ukiwa kitandani, kitanda hakina ukingo wa barabara.

Chumba mnachochangia na wenzako mnakitoa Jumapili asubuhi, nimeshamuuliza yule mwenzako mrefu. Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna dola 160. Ni za lojingi ya Jumapili usiku. Si za diski. Najua pale kuna maduka ya diski kila upande na utaona kitu cha rangi fulani, ukajiambia utalala garini. Usilale garini. Nataka risiti, na usicheke, nitaiangalia tarehe.

Nimemwambia mwenzangu wa zamu kwamba mwaka jana ulikuwa wa pili kati ya watu 90 na kitu. Akaniuliza kwani huo si mchezo wa kurusha sahani? Nilimjibu vibaya kiasi kwamba sasa tunakunywa chai meza mbalimbali. Nyanyako naye wa Kisauni kila akipiga simu anauliza sahani za Rashid hazijavunjika? Nimechoka kumweleza. Nimemwambia hazivunjiki, ni za plastiki, akasema basi mtoto anashindwa vipi na vyombo visivyovunjika. Mpigie Ijumaa kabla hujaanza, atakuombea dua, usimruhusu aanze habari ya kuoa.

Gari nimelibadilisha oili. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa linapoteza upepo polepole, nilitoa msumari, limezibwa. Kioo cha kulia unachokiona sasa nilikinunua kwenye gereji ya vyuma vikuukuu, kinatikisika kidogo ukipita maili 65, kwa hiyo usipite maili 65. Usikaze skrubu zake, utapasua plastiki. Nyuma nimeweka blanketi lile la kahawia na chupa nne za maji. Mamako anakutilia mahamri kwenye ile ndoo ya aiskrimu, na ndoo anaitaka irudi, ile ya mwisho uliisahau Iowa na alinilaumu mimi. Zuhura anataka umletee diski yoyote iliyo na picha ya mnyama. Hiyo unaweza kununua, kwa pesa zako.

Friji inalia tena. Nimemwita fundi Jumatatu alasiri, kwa hiyo ukifika mchana nitakuhitaji tuisogeze kutoka ukutani, mgongo wangu hauniruhusu tena peke yangu. Ukifika alfajiri hutakuwa na faida yoyote, utakuwa umelala.

Nilifikiria kuomba ruhusa Ijumaa nije nikuone ukicheza. Sijawahi kukuona ukicheza mashindano, mamako amenikumbusha idadi ya miaka, ni sita. Ruhusa ya Ijumaa wamenikatalia, dereva wawili wanaumwa. Ya Juni nimeshaijaza fomu kwa mashindano ya hapa karibu. Kama hutaki niwe pale sema mapema, nisimsumbue mtu bure. Nitakaa kimya, nitasimama nje ya ile duara ya mita kumi kuzunguka kikapu, sitauliza swali.

Jumapili usiku taa ya nje nitaizima saa nne kama siku nyingine. Sitaiacha ikiwaka, kwa sababu huji.

Babako