Mama, yale macho mekundu ni kaimati

Cork, 3 Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na siha njema, wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kazi zinakwenda, baridi imeanza, saa kumi na moja jioni jua linazama.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu huwekwa spika, kila mtu anadakia, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Ile picha ya sherehe ya kazini niliyomtumia Zuhura imezunguka ukoo mzima. Shangazi anasema nasherehekea mashetani, nakula macho na damu, na hela ya bati imeishia humo. Mama, yale macho mekundu ni kaimati. Kaimati zako, kwa kipimo chako.

Sherehe yenyewe ni Halloween, usiku wa 31 Oktoba. Huko tunadhani ni ya Wamarekani, kumbe asili yake ni hapa Ireland. Wazee wao waliiita Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa miezi ya giza, na waliamini usiku huo marehemu hurudi kwao. Waliokimbilia Marekani, hasa kwenye ile njaa ya viazi ya miaka ya 1840, wakaenda nayo. Hapa walikuwa wakichonga taa kwenye tanipu, mzizi mgumu kama figili iliyonona. Kule wakakuta maboga. Siku hizi hata hapa ni maboga.

Na hapo ndipo roho iliponiuma. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wazee walichonga maboga sita, na nyama yake nikaikuta inakombwa kutupwa kwenye pipa. Boga, Mama! Nililia njaa ya futari yako pale pale. Nikaomba, nikapewa mabeseni mawili. Maboga haya ya kuchonga yana majimaji, utamu hayana, kwa hiyo sikutia maji hata tone. Niliyaacha yajichemkie mpaka yakakauka, ndipo nikatia tui zito la kopo, sukari, iliki na chumvi kidogo. Mbegu nikazikaanga. Yuko bibi mmoja ambaye kwa kawaida hamalizi hata kikombe cha supu. Alikula bakuli mbili.

Kaimati ndizo zilizonitesa. Unga uligoma kuumuka kwa baridi, nikauweka karibu na hita, nikaufunika kwa khanga yangu. Ulipopanda nikafanya kama ulivyonifundisha, kuubinya kwenye ngumi, kidonge kikitokeza unakisukumia mafutani kwa kidole. 120, Mama, nilizihesabu. Kila moja nikaitoboa juu nikaipachika zabibu, mboni hiyo, na shira nikaitia maji ya bitiruti. Hiyo ndiyo damu ya Shangazi. Meza ilijaa kila kitu: biskuti za umbo la vidole zenye lozi kama kucha, vizimwi vya ute wa yai na sukari. Lakini sahani iliyokwisha mwanzo ni yangu. Wajukuu wa wazee waligombania, na mpishi mkuu, ambaye toka nianze hapa hajawahi kuniuliza kitu, alikuja na karatasi na kalamu niandike namna ya kupika.

Vyakula vyao vya asili ungevipenda. Upo mkate wa zabibu, barmbrack. Zabibu zinaloweshwa usiku kucha kwenye chai ya rangi, na ndani wanaficha pete. Atakayeipata kwenye kipande chake, wanasema ataolewa au ataoa kabla ya mwaka kwisha. Kazini kwetu iliviringishwa karatasi wazee wasije wakaimeza, na aliyeipata ni babu wa miaka 91. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Halafu colcannon, viazi vilivyopondwa na siagi, maziwa, vitunguu vya majani na mboga kama sukuma wiki iliyojikunja. Yule bibi wa boga aliniambia mama yake alikuwa akiacha sahani ya colcannon mezani usiku huo, kwa ajili ya waliotangulia. Nikamkumbuka Bibi na sahani aliyokuwa akiitenga siku ya hitima ya Babu, hakuna anayeigusa mpaka jirani aje. Nilitoka nje kidogo, Mama, nikarudi.

Kwa hiyo sijaacha dini na sijachezea hela. Maboga walinunua wao. Mimi nilitoa unga, sukari, mafuta na makopo manne ya tui. Kilichoniumiza ni kwamba Shangazi alisema mbele ya wote na hakuna aliyenitetea, hata Kaka. Miwani anayosomea Shangazi sasa niliinunua mimi, na sikuwahi kuitaja mpaka leo. Barua hii mpe aisome mwenyewe, umwambie bado nampenda.

Ile 400,000 ya bati naituma Ijumaa, mshahara ukiingia. Kaka asinunue geji 32, ni nyembamba, upepo wa bahari utazila kabla ya miaka mitatu. Achukue 28, jiko kwanza, baraza itasubiri. Na binti wa Mama Riziki akija Desemba, nifungie iliki. Za huku hazinukii.

Mwanao akupendaye