Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaochora Makanisani Unguja

Wanangu,

Nimeingia kanisa moja la hapa Unguja, jina lake nalihifadhi, nikakuta nyuma ya altare Kristo aliyechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya ukuta wa kale, na kabla masika mawili hayajapita uso wake umekwisha kufanya malengelenge na kubambuka. Waumini wanalaumu unyevu. Mimi namlaumu mchoraji ambaye hakuuliza.

Kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, nazo hunywa maji na kuyatoa. Mkizifunika kwa rangi ya mafuta, au mkazipiga lipu ya saruji kwanza mkidhani mnaziimarisha, maji hukosa pa kutokea, na chumvi hujikusanya nyuma ya rangi ikaisukuma mpaka ikaanguka. Kakaeni na mafundi wa chokaa kabla hamjashika brashi. Rangi inayopatana na chokaa haing'ai, na kamati za ujenzi hupenda king'aacho. Basi zikatalieni, kwa adabu, lakini mzikatalie.

Kisha nendeni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kianglikana lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Umo msalaba unaoelezwa kuwa ulichongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari Mskoti aliyepinga biashara ya watumwa, kule Chitambo, katika Zambia ya leo. Mti wenyewe una maana kwa nyumba ile. Ninyi mnatafuta sura kwenye simu. Elimo Njau, Mtanzania mwenzenu, alichora maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, akamweka Bwana miongoni mwa watu na mandhari ya pale pale. Leo bado mnaniletea Yesu wa kalenda!

Mengine ni mafupi. Someni Injili kabla ya kuchora Njia ya Msalaba. Muulizeni padri jua la misa ya asubuhi huingilia dirisha gani. Wachongaji wa milango, wengi wao Waislamu, wanaijua miti kuliko sisi. Waulizeni bila haya.

Na kanisa nalo lisikie: fundi wa vigae hulipwa siku anayomaliza, ila mchoraji huambiwa amtolee Mungu. Kwa hiyo, wanangu, andikeni bei ya rangi mbali na bei ya kazi, mwekahazina atie saini, ndipo mfunge jukwaa la kupandia ukutani.

Mzee wenu,
Unguja