Mwanangu, usinicheke nikisema Granada

Mwanangu Rahma,

Juzi ulinicheka kwenye simu uliponisikia namwambia babako, "Tia Granada, habari zishaanza." Ukauliza Granada ndiyo nini. Nikakujibu mambo ya zamani, nikakata, maana mchuzi ulikuwa unashika chini. Lakini sasa unakwenda kufanya kazi Salford, kwenye studio zao wenyewe, na sitaki uingie nyumba ya watu hujui iliinuliwa na nani.

Tulipofika Manchester mwaka 1984, kitu cha kwanza kuingia nyumbani baada ya godoro kilikuwa televisheni ya kukodi. Wakati ule wengi hawakununua. Unalipa kila mwezi, ikiharibika fundi anakuja. Duka lenyewe likiitwa Granada. Jioni babako akaiwasha, akabonyeza namba tatu, na kwenye kioo likatokea neno lile lile: Granada. Nikamwambia, hawa wenye duka mbona wamejitia mpaka ndani ya televisheni yetu! Kumbe ni kampuni moja. Inakukodisha chombo, kisha inakutengenezea cha kutazama. Hata tulipokwenda London kwa gari, tuliposimama njiani kunywa chai, jina ni hilo hilo.

Nilimwandikia babu yako, Mungu amrehemu, nikamsimulia. Alinijibu kurasa tatu juu ya Gharnata ya Andalus, akidhani wenye kampuni ni watu wa dini yetu. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Na hakuwa mbali sana, kwani jina kweli lilitoka huko. Sidney Bernstein, mzaliwa wa Ilford, aliutembelea mji ule wa Hispania, ukamkaa moyoni, akawapa majumba yake ya sinema jina hilo. Sinema ndiyo iliyokuwa biashara yao, yeye na nduguye Cecil.

Sheria ya mwaka 1954 ilipofungua mlango wa televisheni ya biashara, nchi iligawanywa kama shamba la urithi, kila upande na kampuni yake. Bernstein akaomba Kaskazini. Inasimuliwa kwamba alitazama ramani mbili, moja ya watu na moja ya mvua, akachagua pale watu walipojaa na mvua isipokatika, kwa sababu watu hao watakaa ndani. Mimi niliyeanika nguo Manchester miaka arobaini, naiamini.

Wakaanza kurusha tarehe 3 Mei 1956. Walikuwa na Jumatatu hadi Ijumaa tu, Jumamosi na Jumapili ni za kampuni nyingine, lakini eneo lao lilivuka milima, Lancashire mpaka Yorkshire. Studio zao za Quay Street, hapa Manchester, wakazipa namba za shufwa peke yake: 2, 4, 6. Mgeni akisikia studio namba sita, adhani ziko sita. Ujanja wa muuza duka huo!

Ujanja haukuwaletea pesa, lakini. Mwaka ule ule, hali ikiwa mbaya, Bernstein alifunga mapatano ya siri na Associated-Rediffusion, kampuni ya London: ninyi bebeni gharama zetu, nasi tutawaachia sehemu kubwa ya mapato ya matangazo. Bila hayo sidhani kama mimi ningelijua jina lao. Baadaye biashara iliponoga, waliowabeba walivuna kweli kweli.

Wakati huo huo walikuwa wanafanya jambo ambalo London haikulitaka: kuwasikiliza watu wa huku. Tarehe 9 Desemba 1960 walianza Coronation Street, tamthilia iliyobuniwa na Tony Warren, kijana wa miaka 24. Kiingereza changu cha darasani Zanzibar hakikunifaa kitu hapa. Jirani akiniita "luv", yaani mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu huku, nami namtumbulia macho. Nilikaa mbele ya tamthilia ile wewe ukinyonya, midomo yangu ikirudia maneno, mpaka siku moja sokoni muuza samaki akanielewa mara ya kwanza niliposema. Nimeshawaambia ndugu zako wote hadithi hii, wewe ulikuwa husikilizi.

Sasa ya mnada. Sheria ya mwaka 1990 ilisema leseni ya kurusha matangazo ya eneo atapewa mwenye dau kubwa, ila kwanza avuke kipimo cha ubora. Mwaka 1991 Granada waliweka pauni milioni 9 kwa mwaka. Washindani wao waliweka zaidi ya milioni 35, wakakwama kwenye ubora. Granada ikashinda kwa vipindi vyake. Na mwaka uliofuata David Plowright, mwenyekiti aliyevisimamia vipindi hivyo, akasukumwa nje na mkurugenzi mpya, Gerry Robinson, mtu aliyetoka kwenye biashara ya kuandaa vyakula. Hilo mimi sijawahi kulipenda.

Tangu hapo ni kumeza tu. Mwaka 1994 wakaichukua London Weekend Television. Mwaka 1997 ikaingia Yorkshire-Tyne Tees, kampuni ya televisheni ya jirani zetu. Na Yorkshire ndiyo sehemu waliyonyang'anywa mwaka 1968, walipopewa wiki nzima lakini upande huu wa milima peke yake. Februari 2004 wakaungana na Carlton, kampuni nyingine kubwa ya televisheni, ikawa kampuni moja, ITV plc. Wenye hisa wa Granada ndio waliopata fungu kubwa, asilimia 68, lakini jina lililobaki mlangoni si lao. Mwaka 2013 wakahama Quay Street, wakaja hapo unapokwenda.

Ila fungua televisheni saa kumi na mbili jioni, huku kwetu, utazame habari za mkoa zinaitwaje. Granada Reports. Mpaka leo. Basi tuone nani wa kuchekwa.

Babako anauliza kama Jumapili unakuja. Nimeroweka mbaazi.

Mamako