Mwenye Altezza nyeusi, usinipite tena

Mhariri, naomba nafasi kidogo, hili jambo ninalo moyoni siku nyingi. Mimi naendesha Toyota Altezza hapa Dar na kila nikitoka nyumbani macho yangu yako kwa magari ya wenzangu, yani mshikaji akinipigia stori ndani ya gari ananiona kabisa siko naye, nishaona Toyota Verossa huko mbele nataka nijue ni ile ya tabo, yani yenye kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, au ya kawaida.

Watu wanadhani Altezza zote sawa. Hapana jamani. Nyingi zinazopita hapa zina ile injini ya 1G ya pistoni sita, imetulia, haina makuu. Ya kutafuta kwa tochi ni RS200 ya manyuo, ile ya kubadilisha gia kwa mkono, gia sita, injini ya 3S-GE pistoni nne, nguvu ya farasi 210 bila tabo, na hizo farasi unazipata ukiipandisha mpaka mizunguko elfu saba na kitu kwa dakika, ndo maana unaisikia kabla hujaiona! Zilianza kutengenezwa 1998 zikakoma 2005, kwahiyo hata iliyo mpya kuliko zote imeshapita miaka ishirini na spea zake ni kuulizana.

Sasa juzi Barabara ya Bagamoyo, pale Makumbusho kwenye foleni, nikaisikia. Nyeusi, RS200 imeandikwa nyuma, na mkono wa jamaa unacheza na gia. Nilifurahi mno nikamwashia taa. Yeye akakanyaga mafuta, akaniangalia, akakanyaga tena, anataka tushindane. Pale wanavuka wanafunzi na bodaboda zinapenya kila upande! Nikatikisa kichwa, foleni ilipoachia akaondoka kwa kasi ya ajabu na mimi nikabaki naumia, maana nilitaka kumuuliza tu gia zake anatengenezea wapi. Yangu gia namba mbili ilikuwa inakwaruza, muuza spea mmoja kaniuzia sahani ya klachi ya gari nyingine kabisa, nikalipa ufundi mara mbili.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja nilimkuta sheli Mikocheni na Impreza ya tabo. Niliijua kwa lile tundu la boneti, na lilikuwa tundu la kweli linalopeleka hewa kwenye intakula, ile inayopoza hewa ya tabo, siyo plastiki ya kubandika kama wengine wanavyofanya. Nikamwambia shikamoo mzee, gari yako nzuri sana, basi akafungua boneti pale pale akaanza kunionyesha ile injini ya Subaru iliyolala, pistoni zinakwenda kushoto na kulia, tukaongea mpaka kijana wa pampu akatuomba tusogee. Kabla hatujaachana akanipa namba ya fundi wake wa Gerezani, na huyo fundi ndo alinitafutia sinkronaiza, kile kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, sasa namba mbili inaingia kama siagi.

Haya magari yanapungua. Moja ikikosa kifaa kidogo tu mwenyewe anachoka, anaikata anauza vipande, wakati mwenzake mwenye hicho kifaa anapita mtaa wa pili kila siku na hawajuani.

Kaka wa Altezza nyeusi, kama unasoma hapa, mimi ni yule wa nyeupe. Sinkronaiza moja ilibaki, ninayo nyumbani. Ukiniona tena washa taa, tuingie sheli tuongee.

Msomaji wako,
Kinondoni, Dar es Salaam