Mmemshindanisha babu na mjukuu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika humu kuhusu magari mawili madogo ya zamani ya Uingereza, kwamba Ford Anglia iliiacha Morris Minor mbali kabisa, akataja injini ya Minor ya cc 918 yenye nguvu farasi 27. Hesabu yake ni sahihi. Ila amechukua Minor ya mwaka 1948 akaipambanisha na Anglia ya 1959. Huko ni kumshindanisha babu na mjukuu, halafu kushangilia mjukuu alipotangulia kufika.

Mimi ni fundi hapa Namakwekwe, Mbale. Gereji nilirithi kwa marehemu baba, na magari yote mawili nimeyafungua na kuyafunga tangu nikiwa mtoto wa kushika spana.

Tuweke mwaka kwa mwaka basi. Anglia hiyo ilipotoka 1959 ilikuwa na cc 997, farasi 39. Minor ya wakati huo, ile iliyoitwa Minor 1000, cc 948, farasi 37. Farasi wawili tu! Mwaka 1962 zote zikaongezewa injini: Anglia Super cc 1198, Minor cc 1098, na zote zikawa na farasi kama 48. Kwenye lami zote ni gari za karibu kilomita 120 kwa saa, na ukifika hapo humsikii aliyekaa ubavuni mwako.

Nakubali, Anglia injini yake ni nyepesi kuzunguka. Pistoni zake pana na zinasafiri milimita 48 tu, wakati za ile Minor ya cc 948 zinasafiri milimita 76. Ndiyo maana Anglia unaikanyaga na inaimba bila kulalamika.

La pampu ya petroli pia nampa msomaji huyo. Pampu ya petroli ya Anglia inaendeshwa na injini yenyewe. Ya Minor ni ya umeme, iko chini ya boneti. Ukifungua swichi inagonga tik-tik-tik mpaka kabureta ijae, kisha inatulia. Siku ikigoma kugonga, unafungua boneti unaipiga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Baba alitumia kiatu. Mama alibaki ndani ya gari amempakata mdogo wangu, ametega sikio, na pampu ikianza tena alisema, "Haya, mzee kaamka."

Lakini ndugu yetu hakugusa magurudumu. Minor inatembea kwa tairi za inchi 14, Anglia 13. Kwenye lami hujui tofauti. Zamani zile za barabara ya udongo kupanda Kapchorwa, mvua imenyesha, hiyo nusu inchi chini ya tumbo la gari ndiyo iliyoamua kama unapita au unavua viatu kusukuma. Na Minor kona inashika! Alec Issigonis, aliyeibuni, aliiona nyembamba, akataka gari la majaribio lipasuliwe katikati na kutanuliwa inchi 4. Tazama boneti ya Minor, ule ukanda katikati ndio ushahidi.

Ubaya wake nausema mwenyewe. Viungo vya magurudumu ya mbele vina nyuzi kama za skrubu, na vinataka grisi kila mara. Mwaka 1994 nilijifanya nina kazi nyingi, nikaviacha miezi. Naingia sokoni polepole, gurudumu la kulia likalala, gari likapiga goti kama ng'ombe mbele ya akina mama wauza matoke. Fundi mzima! Wapo wanaonicheka hadi leo.

Minor yangu ipo bado, ya 1963, ya kijivu, grisi nimetia juzi. Kama msomaji huyo ana Anglia inayotembea, ailete Mbale Jumamosi yoyote tupande hadi Sipi. Petroli ya kupanda nalipa mimi. Ya kurudi hatutahitaji nyingi, ni mteremko.

Fundi wa Namakwekwe,
Mbale